Difu ya kasti: weldi inashika, kinachopasuka ni pembeni yake

Kuna swali mafundi hawachoki kuulizana na majibu yake hayafanani hata kidogo: je, tumbo la difu, yaani ile nyumba ya gia iliyo katikati ya ekseli, likiwa la kasti (chuma cha kumimina) linachomeleka au halichomeleki? Mmoja atakwambia mimi nilichomelea zamani na gari hadi leo linatembea, mwingine atakwambia ukigusa tu na rodi ushaliua, wa tatu atauliza una rodi ya nikeli, ukisema ninayo basi kwake kesi imeisha. Na wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli, ndo ugumu wenyewe huo, kwa sababu kila mmoja aliishika chuma tofauti, mahali tofauti pa ekseli na mzigo tofauti, ila wote wanaita "kasti" kwa hiyo kila mtu anavuta kamba kwake.

Kabla hata ya kuwasha mashine inabidi ujue ekseli yako imeundwaje. Ekseli ngumu, ile boriti moja inayoshika tairi za pande zote mbili, inakuja kwa maumbo mawili makubwa kwenye magari madogo na ya kati. La kwanza hauzingi, yaani ganda lote la ekseli, ni stili nene iliyokandamizwa kwa presi na kuungwa, katikati imevimba duara kama nyoka aliyemeza yai, halafu mashine ya gia inaingia kwa mbele kama mzigo mmoja na kufungwa kwa bolti. Ford ya inchi 9 iliyoanza kutumika 1957 ni ya aina hii, na ekseli nyingi za nyuma za Toyota Land Cruiser na Hilux ni hivohivo. Hapo sasa hauzingi yenyewe ni stili ya kawaida, kasti ni kile kibebeo cha gia kinachotoka kwa bolti, na kile kikipasuka hakichomelewi, kinabadilishwa, basi. Kwa hiyo kama yako ni ya aina hiyo nusu ya makala hii haikuhusu.

Umbo la pili ndo lenye maneno. Katikati kuna tumbo la kasti linalobeba krauni na pinioni (gia kubwa na gia ndogo inayoizungusha) moja kwa moja, nyuma lina kifuniko cha bolti, na kila upande paipu ya stili imesindiliwa kwa presi ndani ya tundu la hilo tumbo, kisha ikafungwa kwa weldi za kujaza vitundu ambazo unaziona kama vidonda vya duara kwa nje. Dana 44, Dana 60, ile GM ya bolti 14, zote ni za ukoo huu. Halafu kwenye malori unakuta pia hauzingi iliyomiminwa nzima kipande kimoja, tumbo na mikono pamoja, na hapo inaweza kuwa kasti ya nodula (nitaieleza sasa hivi) au inaweza kuwa stili ya kumimina, na hizo mbili usizichanganye maana zinatofautiana kama maji na mafuta ya taa, kwa macho kitu kimoja, ukileta moto ndo utajua.

Neno "kasti" linasema tu kwamba chuma kiliyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu. Halisemi ni chuma gani. Ndani yake kuna angalau vinne ambavyo vinahusu ekseli.

Kasti ya kijivu ndo ile ya zamani na ya bei nafuu kutengeneza, ina kaboni kama asilimia 2.5 hadi 4, na hiyo kaboni nyingi imejitenga kama vipande bapa vya grafaiti, yaani ukitazama kwa hadubini ni kama chuma kimejaa majani makavu yaliyolala kila upande. Kila jani ni mwanzo wa ufa. Ndo maana kasti ya kijivu ukiivuta haifiki hata asilimia 1 ya kurefuka, inakatika. Kasti ya maliabo ilitengenezwa kwa kumimina chuma cheupe kigumu kama kioo halafu kukipika kwa masaa mengi sana mpaka kaboni ikajikusanya kuwa mafundo, ikapata ulaini, na matumbo mengi ya difu za zamani ni hii. Kisha mwaka 1943 Keith Millis, akiwa kwenye maabara ya International Nickel kule Marekani, akaona kwamba ukitia magnesiamu kidogo kwenye chuma kilichoyeyuka grafaiti haijitandazi tena kama majani, inajiviringisha kuwa vidonge, na hicho chuma cha vidonge ndo tunaita nodula. Nodula nzuri inaweza kurefuka asilimia 12 au hata 18 kabla ya kukatika, ina nguvu inayokaribia ya stili, na ndo ilichukua kazi ya maliabo kwenye matumbo mengi ya difu. Cha nne ni stili ya kumimina, ambayo kaboni yake ni kama ya stili nyingine, mara nyingi asilimia 0.2 hadi 0.4 hivi, yaani mara kumi chini ya wenzake. Hiyo inachomeleka, kwa masharti, lakini inachomeleka kweli.

Sasa yule aliyesema gari lake linatembea hadi leo, kuna uwezekano mkubwa aliangukia stili ya kumimina au aliunga mahali ambapo hapabebi kitu. Na yule aliyesema ukigusa umeua labda alipambana na maliabo ya miaka mingi.

Kinachotokea ndani wakati arki (cheche ya umeme ya weldi) inawaka

Hapa nitakaa kidogo maana ukielewa hapa mambo mengine yote yanajipanga yenyewe.

Kasti inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi za Selsiasi kama 1150, stili inayeyuka karibu na 1500. Arki ikigusa kasti inayeyusha kidimbwi kidogo, na grafaiti iliyokuwa imelala kimya pale inayeyuka na kuingia kwenye dimbwi. Ukiwa umetumia rodi ya stili ya kawaida basi chuma chako cha rodi ambacho kilikuwa na kaboni kidogo ghafla kimekunywa kaboni ya jirani na kimekuwa stili ya kaboni nyingi bila wewe kukusudia. Halafu kinapoa haraka, maana tumbo la difu ni bonge la chuma baridi linalonyonya joto kama sifongo. Stili ya kaboni nyingi ikipozwa haraka inageuka kuwa ngumu na kavu, ndo kitu kilekile mhunzi anachofanya akichovya tindo kwenye maji ili ishike makali, tofauti ni kwamba yeye anataka na wewe hutaki.

Hiyo ni weldi yenyewe. Lakini pembeni yake kuna ukanda mwembamba, pengine milimita moja au mbili, ambao haukuyeyuka wote ila ulipikwa, na huo ndo ukanda unaoua kazi. Kwenye huo ukanda kaboni ya grafaiti imeanza kuingia ndani ya chuma, sehemu iliyokaribia kuyeyuka imeganda kama chuma cheupe chenye kabaidi (chuma na kaboni vilivyoungana vikawa vigumu), na sehemu iliyofuata imekuwa martensaiti, ile hali ngumu na kavu ya stili iliyopozwa ghafla. Zote ngumu kiasi kwamba ukipitisha tupa inateleza. Kwa maliabo hali ni mbaya zaidi, kwa sababu yale masaa mengi ya kupikwa kiwandani umeyafuta kwa sekunde kumi, pale ulipoyeyusha imerudi kuwa chuma cheupe kama ilivyotoka kwenye kalibu siku ya kwanza.

Ongeza kusinyaa. Stili ikipoa nyuzi 1000 inasinyaa kama sehemu 12 kwa kila 1000 ya urefu, kwa hiyo weldi ya milimita 100 kama ingekuwa huru ingefupika karibu milimita 1.2. Lakini haiko huru, imeshikwa na tumbo pande zote, kwa hiyo inavuta. Sasa nani akubali kuvutwa? Kasti ya kijivu haiwezi kurefuka hata asilimia 1, ule ukanda mgumu hauwezi kabisa. Basi unapasuka, na unapasuka sambamba na weldi, pembeni kidogo, weldi yako nzuri ikiwa imekaa juu kama mapambo. Wanaofanya kazi hii wanaijua ile sauti, umemaliza, umesimama unaifurahia, halafu unasikia *tik*, kimya, *tik* tena. Unaweza usione kitu kwa macho lakini kitu kimeshatokea. Nimeshawahi kusimama pale na rodi mkononi nikijifanya sijasikia.

Kwa hiyo swali la "rodi gani yenye nguvu" limekaa vibaya toka mwanzo. Rodi haikatiki. Shida ni joto limeingiaje na limetokaje, na ule ukanda wa pembeni umebaki na hali gani.

"Mbona kiwandani wamechomelea?"

Hili swali ni la haki na ndo linawaponza wengi. Mtu anaona zile weldi za vitundu zinazofunga paipu kwenye tumbo la Dana anasema kumbe inawezekana, basi na mimi nazungusha weldi mduara mzima pale paipu inapoingia ili isizunguke.

Tazama vizuri ile weldi ya kitundu inafanya nini. Tundu limetobolewa kwenye kasti mpaka paipu ya stili inaonekana chini, chuma cha weldi kinajazwa, kinashikana na paipu ambayo ni stili ya kaboni kidogo, na kwenye kuta za tundu inabaki kama pini iliyojaa. Hata kama muungano wake na kasti sio mtamu sana, pini haiwezi kutoka na paipu haiwezi kuzunguka bila kuikata ile pini. Na juu ya hapo paipu imesindiliwa kwa presi, kwa hiyo mzigo mkubwa unabebwa na ule usindiliwaji. Kiwandani pia wanajua kasti yao ni ya daraja gani, wanadhibiti joto, na mahesabu ya kunyoosha na kuchonga viti vya beringi wanayapanga wakijua weldi iko wapi. Wewe unakuja na tumbo ambalo lishachongwa kila kitu, limekunywa oili ya gia miaka ishirini, na hujui ni kasti gani.

Weldi ya mduara kwenye kiungo cha paipu na tumbo watu wanafanya, hasa wanaopanda mawe na tairi kubwa, na wengine inawakalia vizuri kwa nodula na rodi sahihi. Mimi maoni yangu ni kwamba kama paipu haijaanza kuzunguka usiguse, na kama imeanza, kwanza ukague zile weldi za vitundu, maana kuzirudia hizo ni kazi ndogo yenye joto dogo kuliko kuzungusha mkanda mzima wa moto kwenye mdomo wa kasti.

Kuitambua kabla ya kuichoma

Chukua grenda, gusa mahali pasipo na kazi, ukiwa kivulini. Stili ya kumimina inatoa cheche ndefu za njano nyeupe zinazopasukapasuka mwishoni. Kasti ya kijivu inatoa cheche fupi nyekundu iliyofifia inayokufa karibu na jiwe. Nodula na maliabo ziko katikati, ndefu kidogo kuliko kijivu lakini bado sio zile za stili. Drili inakwambia zaidi: stili inatoa nywele zinazojikunja, kijivu inatoa unga mweusi unaochafua vidole kama penseli, nodula inatoa vipande vifupi vinavyovunjika. Tindo nayo, stili inameguka kama ukanda unaojiviringa, kijivu inaruka vipande. Ukigonga kwa nyundo kijivu inaitika kwa sauti iliyokufa, nodula inalia karibu kama stili, kwa hiyo sauti peke yake itakudanganya.

Jaribio ninaloliamini kuliko yote ni la kijinga kabisa, weka kidoti cha weldi mahali pasipo na umuhimu, acha kipoe chenyewe, halafu kipige kwa tindo. Kikitoka kimebeba ganda la kasti chini yake, umeshaonyeshwa kwa mkono wako mwenyewe ule ukanda wa pembeni unafanya nini.

Ufa uko wapi na unabeba nini

Hapa ndo hukumu inapotolewa, sio kwenye rodi. Ekseli ni boriti. Tairi zinaisukuma juu kwenye ncha, springi zinaikandamiza chini karibu na katikati, kwa hiyo upande wa chini wa hauzingi unavutwa na wa juu unabanwa. Kasti inapenda kubanwa na inachukia kuvutwa. Ufa wa juu na ufa wa chini hata kama vina urefu sawa sio ugonjwa mmoja. Ufa uliopo chini, au unaotoka kwenye kiti cha springi, au unaopita kwenye nguzo zinazoshika kofia za beringi za krauni, huo mimi sichomelei gari la kutembea barabarani na sioni haya kumwambia mwenye gari. Zile kofia na viti vyake vilichongwa vikiwa vimefungwa pamoja, ndo maana hata kuzibadilishana kulia na kushoto hairuhusiwi, sasa ukipeleka joto la weldi pale tundu halibaki duara na presha ya beringi inapotea, krauni inaanza kulia, halafu meno.

Ncha za ekseli wanakokaa beringi za habu ni marufuku zaidi. Pale ni stili iliyopikwa kuwa ngumu au yenye kaboni ya kati, ikikatika tairi linaondoka na habu yake. Watengenezaji wa ekseli za malori hawaruhusu weldi sehemu hizo, na hata kwenye hauzingi za stili wanataja viungo vichache tu vinavyoruhusiwa, vingine vyote ni kubadilisha.

Kinachobaki ni kama hivi: sikio la kushikia waya wa breki lililovunjika, mdomo wa kifuniko uliomeguka, ufa mdogo unaovuja oili mahali pasipobeba, tundu lililotobolewa na krauni ilipotupa bolti. Hizo zinatengenezeka. Na mara nyingi mtu anayeuliza hana ufa hata, anataka kubandika mabano ya suspensheni mpya juu ya tumbo, hapo jibu langu ni bandika kwenye paipu za stili, jenga daraja linaloruka juu ya tumbo bila kuligusa, na pale lazima lishike tumbo tumia bolti. Na kwenye paipu usiweke weldi inayokatiza chini pale zinapovutwa, laza weldi kufuata urefu wa paipu, upande wa mbele na nyuma kwenye usawa wa katikati ambapo mvuto ni mdogo.

Basi ukishaamua kuchoma

Kasti ya miaka mingi imekunywa oili. Grafaiti ina vinyweleo na oili imeingia ndani, unaifuta inang'aa halafu ukiipasha inatoka jasho jeusi. Kwa hiyo unaosha, unapasha mpaka moshi uishe, unaosha tena, na weldi ya kwanza ikijaa vitundu unaisaga yote na kurudia. Ufa unaufuata mpaka mwisho, na ili uone mwisho ulipo paka mafuta ya taa, acha yaingie, futa pakavu, sugua chaki, subiri, mstari utajichora wenyewe. Toboa tundu la milimita 3 hivi mbele kidogo ya kila ncha ili ufa usiendelee kukimbia. Halafu chimba mfereji, na hapa grenda inaharibu kidogo kwa sababu inapaka grafaiti juu ya uso kama siagi, malizia kwa tupa au bari la kabaidi.

Kuhusu rodi, stili ya kumimina inataka rodi ya haidrojeni kidogo kama E7018 iliyokaushwa vizuri, na kupasha moto kabla kutegemea kaboni na unene. Kwa nodula, na kwa kuunga kasti na stili, ni rodi ya nikeli na chuma, ile ya nikeli asilimia 55 iliyoandikwa ENiFe-CI. Ya nikeli tupu, ENi-CI, ni laini zaidi, inachongeka vizuri, inafaa kasti ya kijivu nyembamba. Nikeli inasaidia kwa sababu haina urafiki wa kutengeneza kabaidi, kaboni ikiingia inatemwa tena kama grafaiti na ile grafaiti inajaza nafasi kwa hiyo hata kusinyaa kunapungua. Lakini hebu lisome tena hilo: nikeli inaokoa weldi. Ule ukanda wa pembeni ni kasti uleule, na nikeli haijaufanyia kitu kikubwa.

Stenlesi ya 309 ndo rodi inayosifiwa sana na inayodanganya sana. Inashika kweli, inatandika vizuri, inavutia. Ila kromiamu inaipenda kaboni mno, inatengeneza kabaidi ngumu kwenye mstari wa muungano, na stenlesi ya aina hiyo inatanuka na kusinyaa kama mara moja na nusu ya stili ya kawaida, yaani umechukua tatizo la kuvutana ukaliongeza nusu. Kwenye stili ya kumimina sawa. Kwenye kasti yenye kaboni asilimia 3 naona ni kamari.

Njia za joto ni mbili na hakuna ya katikati. Njia ya moto unapasha kitu kizima, polepole, nyuzi 260 hadi 650 kutegemea kasti na ugumu wa umbo, usivuke 760, unachomelea kikiwa bado na hilo joto, halafu unakizika kwenye mchanga mkavu, majivu au chokaa na kukisahau mpaka kesho. Inafaa kwa tumbo lililovuliwa kila kitu, lakini kumbuka paipu zilizosindiliwa zinaweza kulegea au kusogea na viti vilivyochongwa vinaweza kupinda, kwa hiyo kwa difu ni nadra iwe chaguo. Njia ya baridi ni kinyume chake, huachi kasti ipate moto kabisa: rodi nyembamba, ampea za chini, weldi ya milimita 25 tu, unasimama, unaigongagonga kwa nyundo ya kichwa cha mviringo ikiwa bado ya moto ili itanuke badala ya kusinyaa, unasubiri mpaka uweze kuweka kiganja hapo bila kukitoa, ndo unaweka nyingine mahali pengine mbali na ya kwanza. Ufa wa sentimita 10 unaweza kukula nusu siku. Ukiona umefanya kwa dakika kumi hujafanya njia ya baridi.

Wanachofanya wengi ni kupiga tochi ya gesi mahali pamoja dakika tano halafu wanasema wamepasha. Hapo umetanua sehemu moja tu ikiwa imeshikwa na chuma baridi kuizunguka, umeongeza mvutano kabla hata hujaanza.

Kuna pia brasi kwa gesi, na kwa maliabo hii ndo njia ninayoiheshimu kuliko arki, maana inafanya kazi kwenye nyuzi kama 900 bila kuyeyusha kasti, kwa hiyo kile chuma cheupe hakizaliwi. Ubaya wake ni kwamba ukishapaka brasi hapo arki hairudi tena, shaba na zinki zimeshachafua kila kitu. Na kwa ufa unaovuja tu, kushona ufa kwa pini au gundi nzuri ya epoksi mara nyingine inamaliza kazi bila moto wowote.

Vitu vinavyoharibika ukiwa unaangalia kwingine

Klempu ya erthi iweke kwenye hauzingi ileile, karibu kabisa na unapochoma. Ukiiweka kwenye chasisi au kwenye habu ya upande wa pili umeme utatafuta njia kupitia beringi, kila rola litapiga cheche ndogo kwenye njia yake na kuacha kidonda, na baada ya wiki mbili beringi inaanza kunguruma na hakuna atakayekumbuka weldi. Toa betri, chomoa sensa za ABS (breki zinazozuia tairi kujifunga). Sili za mpira karibu na moto hesabu zimekufa, na beringi yoyote inayopata nyuzi zaidi ya 150 hivi inaanza kupoteza ugumu wake.

Kupinda nako. Weldi upande mmoja wa paipu inaivuta ekseli kuelekea upande huo kama ndizi, na pembe ndogo kabisa huku katikati inakuwa kubwa kwenye tairi. Wanaofanya vizuri wanafunga ringi kwenye viti vya beringi na kupitisha shafti nene iliyonyooka toka ncha hadi ncha, wanachomelea mbele kidogo nyuma kidogo, na shafti ikianza kubana wanajua wameshavuka.

Na pumzi yako. Ukisafishia hauzingi kwa dawa ya breki yenye klorini halafu ukawasha arki hapo hapo, mwanga na joto vinageuza mabaki yake kuwa fosjini, gesi ileile iliyotumika kuua watu vitani, na kiasi kidogo tu kinatosha kukulaza. Tumia asitoni, acha ikauke kabisa, au maji ya moto na sabuni. Hauzingi yenye oili ndani usiichome ikiwa imefungwa, fungua kifuniko, toa kipumulio, mvuke wa oili kwenye chumba kilichozibwa unaweza kulipuka.

Kisha usiikabidhi gari siku hiyohiyo. Nyufa zinazotokana na haidrojeni zinaweza kujitokeza siku moja au mbili baadaye, chuma kikiwa kimepoa kabisa na kila mtu kasharidhika. Paka penetranti (rangi ya kuonyesha nyufa) au yale mafuta ya taa na chaki jioni ukimaliza, halafu rudia baada ya masaa 48, na macho usiyaweke kwenye weldi, yaweke milimita mbili pembeni yake.